Clare Hollingworth na vifaru nyuma ya pazia

Wandugu, wengi wetu tunapenda hadithi za vita zenye kukimbiza roho: mwandishi wa habari mwanamuke, mpaka umefungwa, askari kila upande. Hii ya leo hakuna mutu aliyeitunga. Ilitokea Poland mwezi wa nane 1939, na mwenyewe ni Clare Hollingworth, Mwingereza wa miaka 27.

Gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limemuchukua kazini, hata wiki moja bado haijatimia. Uzoefu wa uandishi alikuwa nao kidogo sana. Sasa walimuchukua juu ya nini? Juu alikuwa anaijua ile sehemu. Miezi ya mbele alikuwa mujini Katowice, akisaidia watu waliokimbia Hitler wapate viza ya kuingia Uingereza. (Weye unayengojea diploma peke yake ikufungulie mulango, soma hapo mara mbili.)

Katowice ilikuwa karibu kabisa na Ujerumani. Mpaka ulikuwa umefungwa, magari ya kidiplomasia tu njo yalipita. Clare akamuomba konsuli wa Uingereza amuazime gari yake, ile yenye bendera. Akavuka. Upande wa pili alifanya nini? Akaingia maduka: akanunua divai, aspirini na vitu vingine vilivyokuwa shida kupata Poland. Wakati wa kurudi, kando ya barabara kulikuwa mapazia makubwa ya magunia, yanaficha bonde. Upepo ukapiga, pazia likainuka. Kule chini, vifaru vimepangwa, vingi sana.

Aliporudi, konsuli hakuamini kama kweli alifika Ujerumani. Clare akamuonyesha vitu alivyonunua. Hapo njo konsuli alituma telegramu ya siri London. Kwangu mimi, sehemu hii ina uzito kuliko ya pazia. Upepo ni bahati, unaweza kumupigia mutu yeyote. Kuaminiwa ni kazi ingine kabisa. Tarehe 29 gazeti likatangaza kwamba vifaru 1,000 vimekusanyika mpakani. Jina lake halikuwekwa.

Tarehe 1 mwezi wa tisa, asubuhi mapema, akaamka na milio ya vita. Akapiga simu kwa rafiki yake wa ubalozi, Warsaw. Yule akakataa: haiwezekani, mazungumzo bado yanaendelea! Clare hakubishana. Akatoa simu nje ya dirisha, rafiki akasikia mwenyewe.

Hata nyuma ya hapo, milango haikufunguka vizuri. Mwaka 1943, Afrika ya Kaskazini, jenerali Montgomery hakutaka waandishi wanawake kwenye jeshi lake, akamuondoa. Clare akaenda upande wa Wamarekani, kwa Eisenhower, akaendelea na kazi.

Mwaka 1963, Beirut, mwandishi mwenzake Kim Philby, aliyekuwa zamani mutu wa ujasusi wa Uingereza, akapotea. Clare akafuata nyayo zake, akaandika kwamba amekimbilia Urusi. Gazeti lake la wakati ule, Guardian, liliogopa kushitakiwa, likaweka habari hiyo kando karibu miezi mitatu. Mwezi wa saba mwaka ule, serikali ya Uingereza ikakubali mbele ya watu wote kwamba Philby alikuwa anafanyia Warusi kazi.