Kilima kilichoungua Ruvubu si kilima kilichokufa

Mwishoni mwa kiangazi, mfanyabiashara anayetoka Gitega kupitia Karuzi na Muyinga kuelekea mpaka wa Kobero na Kabanga huona moshi na vilima vyeusi. Wengi husema msitu umekwisha. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, majani mabichi huanza kutokeza juu ya majivu. Swali ni je, yataachwa yakue?

Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980, ndiyo kubwa kuliko zote nchini Burundi. Ina zaidi ya kilomita za mraba 500 na sehemu yake imo Muyinga. Sehemu kubwa ni nyasi na miti iliyotawanyika, mimea inayoujua moto tangu zamani. Miti hiyo ina ganda nene linalokinga uhai uliomo ndani, na shina likiungua, mizizi hutoa machipukizi mapya. Nyasi nazo huchipua kutoka chini, mahali ambapo moto haufiki. Majivu huipa ardhi chumvichumvi, na nyati na kuro hufuata majani hayo laini.

Si miti yote yenye bahati hiyo. Kandokando ya mto Ruvubu kuna msitu mzito wa miti inayopenda unyevu na yenye ganda jembamba. Moto ukiula ukingo wake, nyasi huingia. Mwaka unaofuata nyasi hizo hukauka na kuuingiza moto ndani zaidi. Kwa njia hiyo msitu hupungua hatua kwa hatua.

Wakati wa moto pia una uzito wake. Huko Ndola, Zambia, watafiti walianza katika miaka ya 1930 kuchoma vipande vya msitu wa miombo kwa nyakati tofauti. Palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti mikubwa ilitoweka. Palipochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti mingi ilibaki. Palipozuiwa moto kabisa, msitu ulijifunga tena.

Katika vilima vya Gitega, ambako miti mingi ni ya kupandwa, tofauti huonekana haraka. Mkaratusi ulioungua huchipua kwenye kisiki, na mwenye shamba akibakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, atapata nguzo tena bila kununua miche. Msonobari ulioungua hauchipui. Huo lazima upandwe upya.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Baada ya moto, wa kwanza kufika mara nyingi ni mwenye shoka, kwa kuwa mti mweusi huonekana kuwa mali ya bure ya kuchomea makaa. Lakini ganda jeusi si ushahidi wa kifo. Ukikwangua kidogo na kukuta ubichi ndani, mti huo ungali hai. Akikata huo, kisha mbuzi wakala machipukizi na moto ukarudi mwaka unaofuata, mizizi huishiwa nguvu. Gunia la makaa huuzwa mara moja tu. Mti uliopona hutoa maua, na maua huleta asali kila msimu. Mnunuzi wa asali naye ana sauti: moshi wa warina asali ukiachwa bila kuzimwa vizuri ni chanzo cha moto, na mizinga huungua pamoja na miti.

Hasara haiishii Muyinga. Mto Ruvubu hupita karibu na Gitega, huvuka hifadhi, kisha huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaotumiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania. Mvua kubwa ikikuta kilima kitupu, majivu na udongo huishia mtoni, na tope hilo huelekea kwenye mtambo.

Kwa hiyo, kilima kilichoungua hakihitaji mengi. Kinahitaji misimu michache bila shoka, bila mbuzi na bila moto wa pili. Anayenunua makaa, nguzo au asali barabarani anaweza kuuliza mzigo umetoka wapi kabla ya kutoa pesa. Wanunuzi wakiuliza hivyo mara kwa mara, muuzaji naye atafikiri kabla ya kuinua shoka.