Al-Balkhi na Tiba ya Nafsi

Mtu akivunjika mguu hapana aulizaye amerogwa na nani. Atapelekwa hospitali, atafungwa plasta, na jamaa watakuja kumtazama na machungwa mkononi. Lakini mtu huyo huyo akikaa siku nyingi hali, hasemi, na usiku hapati usingizi, hapo ndipo mlango hufungwa na maneno yakaanza. Huyu atasema ni jini, yule atasema ni hasadi, na wa tatu atasema imani yake ni haba. Mwenye kuugua haulizwi neno. Wengine wamefungwa kamba vyumba vya uani miaka, na majirani wakaambiwa kwamba wamesafiri.

Wasomaji wapenzi, kwa ajili ya jambo hili tumtazame leo mwanachuoni mmoja wa Kiislamu aliyelifikiria sana zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Jina lake ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi.

Alizaliwa karibu na mwaka 235 Hijria, yaani 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh, ambao leo uko nchi ya Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, na masomo ya kwanza aliyapata kwake. Alipokuwa kijana aliandamana na msafara wa mahujaji, akaenda kwa miguu mpaka Iraq, akakaa huko miaka minane akitafuta elimu. Miongoni mwa waalimu wake alikuwamo al-Kindi, mwanafalsafa mashuhuri wa Waarabu. Aliporejea kwao alifundisha, na akaandika juu ya Kurani, adabu, hekima na jiografia. Mtawala wa Balkh alimtaka awe waziri wake. Yeye akaukataa uwaziri, akaridhia kazi ya ukatibu yenye mshahara mdogo zaidi. Hakusalimika na ndimi za watu, maana walikuwako waliomtilia shaka katika dini kwa sababu ya kusoma falsafa. Alifariki mwaka 322 Hijria, yaani 934.

Kitabu chake tunachokizungumza ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, maana yake manufaa ya miili na nafsi. Kina milango 14 ya mwili na milango 8 ya nafsi. Nakala zake zilihifadhiwa Istanbul katika maktaba ya Ayasofya, na mwaka 1984 zilipigwa chapa Frankfurt kwa juhudi za Fuat Sezgin. Mwaka 2013 Malik Badri, bingwa wa elimu ya nafsi kutoka Sudan aliyefariki mwaka 2021, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya ile sehemu ya nafsi.

Al-Balkhi aliwalaumu matabibu kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi, hali viwili hivi vimesukana. Mwili ukiumwa, akili hukosa utulivu. Na nafsi ikidhikika, mwili hukosa hamu ya kula na raha yote. Tena akasema kwamba mtu aweza kukaa miaka bila ya maradhi makubwa ya mwili, lakini hasira, khofu na huzuni humgusa kila siku. Basi hapana wa kumcheka mwenzake.

Njia yake ya kutibu ilikuwaje? Kwanza ni akiba. Kama vile watu wawekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, alitaka mtu ajiwekee fikra njema wakati ametulia, apate kuzikumbuka siku ya ghadhabu au msiba. Wahenga wetu walisema akiba haiozi, na hii ni akiba ya moyo.

Pili ni kupata wa kumsemeza. Aliona kwamba fikra za mtu mwenyewe peke yake hazitoshi, kwa sababu aliyezidiwa na dhiki rai yake nayo imezidiwa. Tena mtu huyakubali maneno ya mwenziwe kuliko anayojiambia mwenyewe. Sisi twasema mganga hajigangi.

Tatu ni kuzoea. Mwenye khofu alimtaka akikaribie kile anachokiogopa mara kwa mara, mpaka moyo ukizoee. Madaktari wa zama zetu walikuja kuieneza njia kama hiyo baada ya kitabu cha Joseph Wolpe cha mwaka 1958.

Lakini panapovutia zaidi ni katika huzuni. Alisema ule mshtuko wa msiba ni kama moto uwakao, na huzuni ni makaa yaliyobaki baada ya ndimi za moto kutulia. Kisha akaigawa huzuni mara mbili. Iko yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na dawa yake ni nasaha na fikra. Na iko huzuni imjiayo mtu wala hajui imetoka wapi. Hii asili yake aliiweka katika mwili, akataka itibiwe kwa tiba ya mwili, pamoja na mazungumzo mema na kila kinachochangamsha.

Ama wasiwasi, neno ambalo sisi Waswahili tumelirithi kwa Waarabu, aliupa mlango wake peke yake. Alisema mwenye wasiwasi asiachwe akakaa faragha, maana upweke huuchochea. Na awe na watu na shughuli. Nani asiyemjua mtu anayerudia udhu mara kumi na bado haamini kwamba umetimia? Huyo akitukanwa hazidi ila kuumia.

Hapa pwani mlango wa kwanza kubishwa ni wa maalim, kabla ya wa daktari. Mama aliyefiwa na mwanawe huenda huko, na kijana asiyelala hupelekwa huko. Simwambii maalim aache kusoma, kwani Kurani ni shifaa na majini wametajwa ndani yake. Nasema aulize kabla ya kusoma: lini ilianza, nani amekufa, deni ni la nani, analala saa ngapi? Akiona ni msiba, amkalishe mtu amsikilize. Akiona huzuni haina sababu, amwambie kwa kinywa chake mwenyewe, “Nenda hospitali, nami nitakuombea.” Neno hilo likitoka kwa maalim litapokewa na ukoo mzima, hali likitoka kwa daktari peke yake huenda likakataliwa.

Na sisi jamaa tulio nyumbani tuufungue ule mlango wa uani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aibu tunayoiogopa haijapata kumponya mtu.

Wallahu aalam.