Mtoto wa Paka Asitengwe na Mama Yake Kabla ya Wakati

Mwaka 2021, baada ya mavuno, panya walituvamia nyumbani. Walitoboa magunia ya mahindi, wakachafua maharage ya mbegu, na usiku mmoja wakaingia hata ofisini parokiani wakatafuna pembe za daftari la Ubatizo. Wazee walisema kweli: paka akiondoka, panya hutawala. Paka wetu alikuwa amekufa kwa uzee miezi michache kabla.

Basi nikaenda kwa jirani ambaye paka wake alikuwa amezaa. Mama mwenye nyumba alinionyesha watoto wanne ndani ya kikapu. Akasema, "Karani, hawa wana majuma matatu tu, bado wananyonya. Ngoja kidogo." Mimi sikungoja. Niliwawaza panya, sikumwaza paka.

Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alimpokea kwa furaha kubwa. Akamlaza ndani ya boksi, nasi tukampa maziwa ya ng'ombe katika kisahani. Siku ya pili akaanza kuharisha. Ulikuwa mwezi wa Julai, na sisi wa Njombe twaijua baridi ya Julai. Asubuhi ya siku ya nne tulimkuta amekufa. Binti yangu akaniuliza, "Baba, tulimkosea nini?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kumwuliza bwana mifugo, na haya ninayowaandikia, ndugu wasomaji, nimeyapata kwake na kwa paka tuliowalea baadaye.

Mama ndiye shule yake

Mtoto wa paka huzaliwa macho na masikio yamefungwa, naye ana uzito wa gramu 100 hivi tu. Macho hufumbuka baada ya siku 7 hadi 14. Katika majuma ya kwanza mwili wake hauwezi kujitia joto, wala hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ndipo apate haja. Kwa hiyo kumtoa kwa mama ni kumnyima maziwa, moto na mlezi kwa siku moja.

Zaidi ya hayo, mama humfundisha kazi. Watoto wakipata mwezi mmoja au zaidi kidogo, mama huanza kuwaletea mawindo na kuwaonyesha namna ya kuyashika. Hapo pia hucheza na ndugu zake, akajifunza kutouma kwa nguvu. Yafaa basi akae na mama yake mpaka atimize majuma nane. Sisi tunaotaka mwindaji hatupati faida yo yote kwa kumtoa shuleni mapema.

Katika muda huo huo, tangu juma la pili hadi la saba, mtoto wa paka huzoea watu. Watoto wetu wamshike kwa upole dakika chache kila siku, mikono miwili, bila kumvuta mkia. Asiposhikwa kabisa siku hizo, huwa mwitu na kukimbia watu maisha yake yote. Samaki mkunje angali mbichi.

Chakula chake

Watu wengi hudhani maziwa ya ng'ombe ndiyo chakula cha paka. Sivyo. Maziwa ya paka yana protini na mafuta mengi zaidi, na sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Mtoto mdogo akiharisha hukaukiwa maji upesi, akafa.

Mama akifa, tafuta kwanza paka mwingine anayenyonyesha. Mara nyingi hukubali kulea wa mwenzake. Asipopatikana, uliza katika duka la dawa za mifugo maziwa yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Kabla ya kumnywesha, mtie joto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, maana aliyepoa hawezi kusaga chakula. Anyweshwe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali, asije akapaliwa. Kisha mpanguse sehemu za haja kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, kama mama alivyokuwa akimlamba.

Kuanzia juma la nne aanze kuonja chakula laini: dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa, yai lililochemshwa, au mabaki ya nyama yasiyo na mifupa. Ugali waweza kuongezwa kidogo, lakini ugali peke yake hautoshi. Katika nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza vya kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, na maji safi yawepo daima.

Wengine husema, "Paka akishiba hawindi." Hasha! Paka aliyeshiba huwinda vile vile, wala hazururi kwa majirani kutafuta vyungu vya watu.

Magonjwa na hatari

Minyoo hupita hata katika maziwa ya mama. Mwombe bwana mifugo dawa ya minyoo mtoto akifika majuma matatu hivi. Hupimwa kwa uzito na kurudiwa. Viroboto nao hunyonya damu ya mtoto mpaka akalegea. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, umwoshe kwa maji vuguvugu, umkaushe vizuri. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za namna hiyo huua paka. Kidonge cha paracetamol, hata kimoja, humwua pia. Na ukifuga paka usitege sumu ya panya, kwa maana akila panya mwenye sumu naye huumia.

Akipata miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa. Jina lisitudanganye: paka naye huugua ugonjwa huo na kuwaambukiza watu. Siku ya kuchanja mbwa, chukua na paka. Mtoto wako akiumwa au kuparuzwa na paka au mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha mpeleke zahanati siku ile ile. Tena, mama mjamzito asizoe mavi ya paka, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Tulipewa ghala tulitunze

Labda mtu atasema, "Karani, haya yote kwa ajili ya paka?" Naam. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inatufundisha kwamba tunawiwa wema na wanyama, na kwamba kuwatesa bila sababu hakulingani na heshima ya mwanadamu. Mtoto anayemwona baba yake akimtupa paka mchanga kichakani ameshapata somo. Na yule anayeamshwa alfajiri kumwekea paka maji naye amepata lake.

Mwaka uliofuata tulichukua paka mwingine, safari hii wa majuma tisa. Ndiye anayelinda ghala letu hadi leo, naye amekwisha kuzaa. Siku ile alipozaa mara ya kwanza, binti yangu alichukua kalenda ya Kanisa iliyo ukutani, akahesabu majuma nane, akaizungushia siku ile duara kwa kalamu nyekundu. Mtu akija kuomba mtoto wa paka, hata akiwa mzee, binti humkaribisha kiti, akamwonyesha kalenda na kumwambia kwa adabu, "Shikamoo, babu. Siku yao bado. Karibu tena tarehe hii."