SKULI NDOGO ZA SEKONDARI VIJIJINI: MWALIMU MMOJA, MASOMO MAWILI

Wazee wengi wa vijijini huuliza kwa nini skuli yao ya sekondari haina mchepuo wa sayansi ilhali skuli za mjini zinao. Baadhi yao hudhani kuwa ni upendeleo. Ni vyema hesabu yenyewe ikaeleweka.

Tangu elimu ilipotangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, azma ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa kuisogeza skuli karibu na mtoto. Wananchi wa shamba nao wameitikia: huanzisha madarasa kwa nguvu zao, wakayapandisha hadi usawa wa linta, na Serikali ikamalizia. Kuta hujengeka. Ratiba ya masomo ni jambo jengine.

Ichukuliwe mfano skuli yenye darasa moja tu kwa kila kidato, cha Kwanza hadi cha Nne. Ikiwa Fizikia inasomeshwa vipindi vitatu kwa wiki katika kila darasa, mwalimu wake atakuwa na vipindi 12. Skuli yenye madarasa mawili kwa kila kidato itakuwa na vipindi 24, na mwalimu mmoja bado anaweza kuvibeba. Skuli ndogo, kwa hivyo, ina wanafunzi nusu lakini masomo ni yale yale. Ndipo mwalimu wa Fizikia anapopewa na Hisabati, na wa Kemia akapewa na Bayolojia. Hilo si kosa, kwani vyuoni walimu huandaliwa kusomesha masomo mawili. Uzito huja pale mwalimu huyo anapohamishwa, anapokwenda masomoni au anapokuwa katika likizo ya uzazi: masomo mawili husimama siku moja, katika madarasa yote manne.

Athari yake si ndogo. Mwanafunzi asiyefanya Fizikia katika mtihani wa Kidato cha Nne hawezi baadaye kuchukua Fizikia, Kemia na Hisabati katika Kidato cha Tano, na milango ya uhandisi humfungia akiwa bado mdogo. Anayetaka kuendelea hulazimika kutafuta nafasi ya dakhalia au jamaa wa kumpokea mjini. Kwa mtoto wa kike, mara nyingi jawabu la nyumbani huwa ni kubakia na masomo yaliyopo.

Vituo vya Walimu, kama vile cha Dunga na cha Mkwajuni, husaidia kuwapa walimu mafunzo wakiwa kazini. Kambi za masomo kabla ya mitihani nazo zina faida yake, ingawa wiki chache za kambi hazifidii mwaka usiokuwa na mwalimu.

Kamati za Skuli zinazofikiria kuongeza chumba cha darasa zingefaa kwanza kutazama nyumba ya mwalimu. Mwalimu anayetegemea daladala kutoka mjini kila siku ndiye wa mwanzo kuomba uhamisho, na chumba cha tano hakitamzuia.

Aidha, mwalimu mkuu anapopata habari kuwa mwalimu wake ataondoka, anapaswa kuiandikia Ofisi ya Elimu ya Wilaya mapema bila ya kusubiri muhula umalizike, na barua iyataje masomo yote mawili. Ikitajwa Fizikia peke yake, ataletwa mwalimu wa Fizikia na Jiografia, na Hisabati itabakia bila ya mtu.