Rejimenti Moja, Majeshi Mawili: Asili ya Vita vya Kagera

Wilaya ya Muleba ina makaburi ya Kaboya walikozikwa askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Uganda. Vita hivyo huelezwa kwa jina la mtu mmoja, Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, kana kwamba hasira zake peke yake zilitosha kulivusha jeshi mpaka. Maelezo hayo ni mafupi mno. Majeshi yaliyopambana mkoani Kagera yalitoka katika rejimenti moja ya askari wa miguu, King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Kilichoyatenganisha ni jinsi serikali mbili jirani zilivyoyashughulikia maasi ya Januari 1964.

Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Nyasaland, Kenya na Uganda. Shina la kikosi cha Uganda lilikuwa askari wa Kisudani walioachwa karibu na Ziwa Albert na Emin Pasha, gavana aliyekuwa akiitumikia Misri, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891. Emin huyo huyo, akiwa ameshaingia kazi ya Wajerumani, ndiye aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Wajerumani nao walikuwa wamelianza jeshi lao mwaka 1889 kwa Wasudani walioajiriwa kutoka Misri. Ndiyo kusema askari wa pande zote mbili za mpaka wetu walitoka karibu chungu kimoja tangu mwanzo. Juni 1915 Keya walikuwamo katika kikosi cha Waingereza kilichovuka Ziwa Victoria, kikaishambulia Bukoba kwa siku mbili, kikaubomoa mnara wa redio, na mji ukaporwa. Mwaka 1917 Waingereza wakakiunda upya kikosi cha sita cha Keya kwa kuwachukua askari waliokuwa wa Wajerumani. Kikosi hicho ndicho kilichokuja kuwa jeshi la Tanganyika.

Hakikuwa kikosi cha mchezo. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, vifaru vya Waitaliano viliwajia askari wake kutoka nyuma. Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alirukia juu ya kifaru kimoja, akakifungua kifuniko kwa nguvu za mikono na kuwapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva. Alifia katika mapigano hayo hayo, akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Baadaye kambi kuu ya Dar es Salaam ikapewa jina la Colito, na uhuru ulipofika mwaka 1961 jina hilo liliachwa lilivyo. Kikosi kiliitwa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wengi wakabaki Waingereza na mishahara ya askari ikabaki duni. Ufaransa ilifanya jambo la namna hiyo wakati wa mapinduzi yake: mwaka 1791 rejimenti zake kongwe zilivuliwa majina na kupewa namba, huku askari wakiwa wale wale. Jina hubadilishwa kwa amri ya siku moja. Mazoea ya kambini hayabadiliki hivyo.

Januari 20, 1964, askari wa Colito wakaasi. Waliwafunga maofisa wao, wakadai mishahara na vyeo. Tarehe 23 wenzao wa Jinja, waliotoka Keya ya nne, wakafanya hivyo hivyo na kumshikilia waziri Felix Onama. Nchi zote mbili ziliita majeshi ya Uingereza, jambo lililomuumiza sana Mwalimu Nyerere. Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Tanganyika ililivunja jeshi lake na kuanza upya kwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa. JWTZ ikazaliwa Septemba 1, 1964, na Colito ikawa Lugalo, kwa kumbukumbu ya ushindi wa Wahehe mwaka 1891. Uganda, chini ya Milton Obote, iliwapa askari nyongeza kubwa ya mishahara na kuwapandisha vyeo haraka Waafrika waliokuwapo. Mmoja wao alikuwa Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946. Askari wa Jinja walijifunza kwamba bunduki hulipa. Miaka saba baadaye, Januari 25, 1971, Amin alilitumia somo hilo dhidi ya Obote mwenyewe.

Yupo atakayesema kwamba JWTZ nayo ni mtoto wa Keya, kwani mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alitoka Tanganyika Rifles. Ni kweli, na ni vizuri ilikuwa hivyo, maana ujuzi wa kazi hautupwi. Kilichovunjwa ni ule utengano wa askari na raia ambao ukoloni uliutaka. Hoja nzito zaidi ni kwamba jeshi hilo jipya halikuuzuia uvamizi. Oktoba 1978 mpaka ulikuwa na ulinzi mdogo. Wavamizi walifika mto Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka, wakaua na kupora, na Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni lake. Watu wa Missenyi walilipa kwa damu, na hakuna historia ya rejimenti inayoweza kulifunika kosa hilo. Lakini tazama kilichofuata. Maelfu ya mgambo waliingia jeshini bila raia kuwakimbia, na Kampala ikaangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Jeshi la Amin lilikuwa limewachinja askari wake wenyewe wa Kiacholi na Kilango kambini tangu 1971. Askari wake wengi walitimua mbio hata Walibya walipoletwa kuwasaidia.

Walimu wa historia wa Muleba na Bukoba wanaowapeleka wanafunzi Kaboya wawasomeshe kwanza habari za Januari 1964, ndipo wafike kwa Amin.