Kiharusi Kinahitaji Timu Kabla ya Mashine

Mgonjwa wa kiharusi akishalazwa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, jamaa huwaza kwanza kwamba hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Chupa ya uji inafunguliwa, ananyweshwa kijiko kwa kijiko. Ni upendo mtupu, nao unaweza kumwua. Kiharusi kinachopoozesha mkono kinaweza kupoozesha na koo. Uji ukipita njia ya hewa ukafika mapafuni, huleta nimonia, mojawapo ya sababu kubwa za vifo katika wiki za mwanzo.

Hapo ndipo huduma iliyopangwa huokoa maisha. Wagonjwa wa kiharusi hulazwa pamoja, hata kama ni kwenye kona ya wodi, chini ya timu moja ya daktari, wauguzi na wataalamu wa viungo na wa kumeza, wanaokaa pamoja kumjadili kila mgonjwa. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, ulichapisha uchambuzi wa majaribio 29 yenye wagonjwa karibu 5,900. Ikilinganishwa na wodi za kawaida, katika kila wagonjwa 100 waliohudumiwa hivyo, 2 zaidi walinusurika na 6 zaidi waliweza kujitegemea. Idadi hiyo ni ndogo machoni, lakini faida inawafikia vijana na wazee, waliozibwa mshipa na waliovuja damu ubongoni.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda haina upana huo. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba damu haijavuja. Mkulima aliyepooza alfajiri kwenye miteremko ya Mlima Elgon anaanza na bodaboda, kisha matatu. Na akipewa rufaa kutoka Kitale kwenda Eldoret, kuna kilomita 70 hivi mbele yake. Muda unaisha njiani. Uuguzi mzuri haufungwi na saa hizo.

Wala hauhitaji mabilioni. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika vitengo 19 vya kiharusi uliwapa wauguzi wa baadhi ya vitengo hivyo utaratibu wa mambo matatu: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 katika vitengo vilivyobaki. Vifaa vikuu vya kazi hiyo ni kipimajoto, kipima sukari na maji ya kujaribia kumeza.

Kwa maoni yangu, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma na ile ya Wamalwa Kijana mjini Kitale zinaweza kuanza na vitanda sita. Kigumu zaidi ni watu. Muuguzi aliyefunzwa kupima kumeza akihamishiwa wodi ya wazazi baada ya miezi mitatu, ujuzi unaondoka naye na vitanda vinabaki vitanda tu. Kaunti zikubali wauguzi hao wasihamishwe kwa mwaka mzima angalau, na mmoja wao awepo kila zamu, usiku na wikendi pia.