Nusu ya Pili ya Hija

Jioni ya tarehe 2 Juni kundi letu liliiacha barabara kuu ya Jinja, likapita Kyaliwajjala na kuingia Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda. Tulikuwa tumetembea takribani kilomita 200 kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda: Bugiri, Iganga, daraja la Nile pale Jinja, msitu wa Mabira, miwa ya Lugazi, Mukono. Mbele yangu alikwenda mama mmoja wa makamo, leso kiunoni, kidole gumba cha mguu amekifunga kitambaa. Siku zote nane ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Alipoliona paa la basilika akanyamaza. Akaketi kando ya ukuta, akavua kandambili, akalia. Nikamuuliza kama ni miguu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Njia imekwisha."

Nachunguza mila na ibada, na machozi ya namna hiyo nimekutana nayo mara nyingi. Wapo wanaolia kwa furaha, wapo wanaomlilia mgonjwa waliyemwombea njia nzima. Lakini wapo pia wanaokuja kuninong'oneza jambo wanaloliona aibu: kwamba walipofika walijihisi watupu, na kwamba wiki ya kwanza nyumbani walishikwa na huzuni wasiyojua imetoka wapi. Wengi hudhani imani yao ina kasoro. Haina.

Mwaka 1909, huko Ufaransa, mtafiti wa mila Arnold van Gennep alionyesha kwamba mila za kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine huwa na hatua tatu: kumtenga na watu wake, kumweka katikati ambako si wa huku wala wa kule, kisha kumrudisha akiwa mtu mpya. Msomaji aliyepitia jando au unyago hahitaji Mfaransa amweleze. Na kwa kweli ni jando lililofungua fumbo la hija. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Victor Turner aliishi na Wandembu wa Zambia, akaichunguza mukanda, yaani jando lao. Baadaye, yeye na mkewe Edith wakaitazama hija ya Kikristo kwa jicho hilohilo, na mwaka 1978 wakaitolea kitabu. Waliona kwamba njiani vyeo huanguka, na watu wakaonja undugu ambao maisha ya kawaida hayautoi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwalimu mkuu na kijana wa bodaboda walichangia kikombe kimoja cha chai, mmoja akampaka mwenzake mafuta kwenye malengelenge, na hakuna aliyeuliza nani anafanya kazi gani.

Kwa hiyo anayelia Namugongo anaomboleza kitu halisi. Undugu ule unavunjika mbele ya macho yake, kila mtu akitafuta basi la kwao. Hata mwili una yake: kila alfajiri ulijua kazi moja tu, kutembea. Kazi hiyo ikiondoka, uchovu uliokuwa umezuiliwa unafika wote kwa mkupuo.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Karoli Lwanga na mashahidi wenzake walitembezwa kutoka Munyonyo, wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Hawakuwa na safari ya kurudi. Hujaji anawafuata mpaka hapo, kisha mfano wao unaisha, naye njia ya kurudi anaikabili peke yake.

Zamani aliyekwenda kwa miguu alirudi kwa miguu, akapata siku za kuyatafuna yaliyompata. Leo basi linazimeza siku nane kwa saa chache. Mwali hatoki kumbini akapewa jembe jioni ileile. Ananyolewa, anavishwa nguo mpya, anaimbiwa, anatunzwa. Hujaji wetu anashuka stendi usiku na asubuhi anatakiwa kazini. Huko Hispania, baadhi ya mahujaji wanaofika Santiago de Compostela huendelea kutembea kilomita 90 hivi hadi Finisterre, ufukweni mwa Atlantiki. Naamini miguu yao inadai hatua ile ya tatu ya van Gennep.

Ndiyo maana huwaomba jamaa za mahujaji wasiishie kuuliza "umetuletea nini?" Wamwandalie hujaji wao maji ya kuoga. Wamwambie pole na safari, kisha wakae wasikilize, hata akirudia kisa kilekile mara tatu. Naye, akiweza, asirudi kazini kesho yake.

Yule mama tulirudi naye, tukavuka mpaka, tukapanda matatu moja. Kilomita kadhaa kabla ya kituo chake, pale inapoanzia njia ya vumbi, akamgongea dereva asimame. Akashuka na kidumu cha maji aliyoyateka kwenye ziwa la Namugongo. Chini ya mwembe watoto watatu wakainuka. Mkubwa wao akampokea kidumu na kujitwika, wadogo wakamshika leso, huku na huku, na vigelegele vikaanza. Dereva aliondoa gari. Niligeuka kutazama: walikuwa wanatembea polepole, kwa mwendo wa kile kidole kilichofungwa kitambaa.